Kuhamisha mradi wa programu huria hadi seva mpya: mwongozo kutoka Lamu

Barua ilikuja kwa ustaarabu mwingi. Kampuni iliyokuwa ikitupa seva bure ilisema inafunga mpango wake wa kusaidia miradi huria, yaani ya programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na sisi tuna siku 60 za kuondoka. Mradi wetu si mkubwa. Ni programu ya kupiga hesabu ya maji kujaa na kupwa. Tuliianza watu watatu hapa Lamu kwa ajili ya manahodha wanaopita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Faza na Kizingitini, ambao lazima wajue ni saa ngapi mlango ule una maji ya kutosha. Lakini ukiufungua mradi ndani unakuta msimbo, tiketi (ripoti za hitilafu na maombi ya watumiaji) zaidi ya 400, tovuti, hifadhidata ya watumiaji, mahali pa kupakua matoleo, orodha ya barua pepe, na mitambo inayoijenga programu upya kila msimbo unapoguswa. Vyote hivyo vilikuwa juu ya seva ile moja.

Hatukuwa wa kwanza kuambiwa tuhame. Google Code, ghala la msimbo la Google, ilitangaza Machi 2015 kwamba inafunga, Agosti ikaacha kupokea msimbo mpya, na Januari 2016 ikafungwa. Bitbucket, ghala jingine, iliacha kabisa mwaka 2020 hazina (yaani maghala ya miradi) za Mercurial, mfumo wa kutunza historia ya msimbo kama git. Mwanzoni mwa 2025 freedesktop.org, ambako kunaishi miradi mizito ya michoro ya Linux kama Mesa na Wayland, walipata habari kwamba seva walizokuwa wakipewa bure na kampuni ya Equinix zinaondoka, wakahamia seva za kulipia za kampuni ya Hetzner. Kwa hiyo soma hata kama mwenye nyumba wako bado anakuchekea.

Nikwambie jambo moja mapema ili upange muda wako. Kunakili mafaili kulituchukua usiku mmoja. Kujua tuna nini, na ufunguo wake yuko nao nani, kulituchukua wiki tatu.

Orodha kwanza

Mjomba wangu ana chombo kinacholeta mizigo kisiwani kutoka Mokowe. Siku moja nilikwenda kumsaidia kupakia, na tulipomaliza nikamwambia tuondoke.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu, mjomba."

"Kwa mdomo ama kwa karatasi?"

Nikarudi kuhesabu kwa karatasi. Mifuko ya saruji ilikuwa 38, na hati ilisema 40. Chombo hakikung'oa nanga mpaka ile miwili ilipoonekana nyuma ya lori, imefunikwa na turubai.

Fanya hivyo hivyo. Fungua lahajedwali yenye safu sita: kitu gani, kiko wapi sasa, nani anakitumia, nani ana ufunguo, kinahamia wapi, na kimekaguliwa au bado. Usiijaze kwa kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu hukupa vile vitu unavyovipenda tu. Ingia kwenye seva uiulize yenyewe. `systemctl list-units --type=service` itakuonyesha huduma zinazoendeshwa. `ss -tlnp` itakuonyesha milango ya mtandao inayosikiliza na programu iliyo nyuma ya kila mlango. `systemctl list-timers` na folda ya `/etc/cron.d` zitakupa kazi za ratiba, na usisahau `crontab -l` ya kila mtumiaji mmoja mmoja, si ya kwako peke yako. `du -sh /srv/* /var/* /home/*` itakwambia uzito wa mzigo. Kisha ndani ya msimbo wenyewe piga `git grep` ukitafuta jina la seva ya zamani. Utashangaa limeandikwa mahali pangapi.

Sisi orodha ilitutoa jasho kwenye cron, yaani hizo kazi za ratiba. Kulikuwa na kazi chini ya akaunti ya rafiki yetu aliyekwenda kufanya kazi Ghuba miaka mitatu iliyopita. Kila tarehe 28 kazi hiyo ilikuwa ikipiga hesabu ya maji ya mwezi unaofuata na kuiweka kwenye tovuti. Hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu haikuwahi kuharibika. Lau tungehama bila yake, kila kitu kingeonekana salama kwa wiki kadhaa, halafu tarehe mosi kurasa zingefunguka zikiwa tupu.

Baada ya seva, soma logi (kumbukumbu za maombi yaliyofika kwenye seva) za siku 30. Kila anwani inayoombwa na watu au na programu nyingine ni ahadi uliyoiweka bila kujua. Iongeze kwenye orodha.

Nani ana funguo

Hapa ndipo miradi mingi ya kujitolea hukwama, na tatizo huwa si la kompyuta. Anza na domeni, yaani jina la tovuti. Yetu ilisajiliwa na aliyekuwa na kadi siku ile, na barua pepe ya kurudishia nywila ilikuwa ni anwani iliyo ndani ya domeni hiyo hiyo. Yaani barua pepe ikizimika usiku wa kuhama, huwezi kuingia kwa msajili (kampuni iliyokusajilia domeni) kurekebisha, na usipoingia barua pepe haitawaka. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Ibadilishe leo, iwe anwani ya nje, na wawe watu wawili wanaoweza kuingia.

Angalia pia tarehe ya domeni kwisha muda, na kama kadi inayolipia bado ni hai. Na tafadhali usibadilishe msajili wa domeni wakati huo huo unaohamisha seva. Domeni kama .org na .com zikishahama msajili kwa kawaida hufungwa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena, na kama domeni yako ni ya .ke fuata utaratibu wa wasajili walioidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa domeni za .ke. Hiyo ni safari nyingine. Ipe mwezi wake.

Halafu kusanya vilivyobaki: akaunti ya DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva), akaunti ya mahali unapochapisha vifurushi, ufunguo wa GPG unaotia sahihi matoleo, ufunguo wa kutia sahihi programu ya Android. PyPI, ghala la vifurushi vya Python, kwa mfano, tangu Januari 2024 inamtaka kila mtumiaji awe na uthibitisho wa hatua mbili, na uthibitisho huo mara nyingi unakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Simu ya mwenzetu ilitumbukia majini pale gatini Shela. Kwa bahati alikuwa amechapisha zile namba za dharura na kuziweka kwenye bahasha nyumbani kwa mamake. Chapisha za kwako, weka bahasha mbili, nyumba mbili.

Unahamia wapi

Sitakuchagulia, lakini maoni yangu ni haya: mradi mdogo usiendeshe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukuendeshea vizuri zaidi. Msimbo na tiketi vipeleke kwa wanaofanya kazi hiyo, iwe GitHub, GitLab au Codeberg, ambayo ni ya chama kisicho cha faida kilichoko Berlin na inatumia programu huria ya Forgejo. Seva yako mwenyewe ibaki na kile ambacho ni chako tu. Kwetu ilibaki hesabu ya maji na hifadhidata.

Kabla hujajisajili, uliza maswali matatu. Nikitaka kuondoka, je, nitatoka na vitu vyangu vyote, pamoja na tiketi na maoni? Mfadhili akiondoka, nani atalipa? Na bili ni ya euro au dola? Maana shilingi yetu haikai mahali pamoja, na bei iliyokuwa nafuu mwaka huu yaweza kukukaba mwaka ujao.

Umbali upime kwa `ping`, inayoonyesha muda wa kwenda na kurudi, usiupime kwa ramani. Na kumbuka kwamba intaneti ya pwani hii inategemea nyaya za baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na kwa siku kadhaa Kenya nzima ikaona tovuti za ng'ambo zinakokota miguu. Tangu hapo tuna nakala ya msimbo na matoleo kwenye mashine iliyo hapa nchini, inayojisasisha kila usiku. Si ya fahari, lakini wire ukikatika baharini wa hapa hawakosi kupakua.

Kuna na sheria. Majina, anwani za barua pepe na nywila za watumiaji ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Waambie wenyewe data yao inahamia nchi gani. Bora zaidi, futa akaunti zilizokufa kabla ya kuhama. Usichokibeba hakikupotei.

Mzigo usipitie nyumbani kwako

Kosa la kwanza la mtu anayeishi mbali na seva zake ni kupakua kila kitu hadi kwenye laptopu, kisha kukipandisha tena upande wa pili. Sisi tulikuwa na gigabaiti 60. Kwa bando la simu, na umeme unaokatika jioni, ungekuwa ni mzaha. Seva mbili zilizo Ulaya huongea zenyewe kwa kasi usiyoipata Langoni hata ukipanda juu ya paa. Kazi yako ni kutoa amri tu.

Ingia kwenye seva ya zamani kwa SSH (njia salama ya kuendesha seva ukiwa mbali), na kabla ya kitu kingine chochote andika `tmux`. Programu hii huiacha kazi yako iendelee ndani ya seva hata mtandao wako ukifa. Umeme ukirudi unaingia tena, unaandika `tmux attach`, na unakuta kazi ilipofika. Kama mtandao wako ni wa kukatika katika, tumia `mosh` badala ya SSH ya kawaida. Haikati simu kwa sababu umehama kutoka Wi-Fi kwenda bando.

Kisha mafaili, kwa rsync, programu ya kunakili:

`rsync -aH --partial --numeric-ids /srv/matoleo/ mpya:/srv/matoleo/`

Ule mkwaju wa mwisho baada ya `matoleo` una maana. Ukiuweka, vinakwenda vilivyomo ndani ya folda. Ukiuacha, inakwenda folda yenyewe, na utajikuta na `matoleo/matoleo`. Jaribu kwanza kwa `--dry-run`, inayokuonyesha tu bila kunakili. Mzunguko wa kwanza ufanye siku kadhaa mapema, wakati seva ya zamani bado inafanya kazi. Usiku wa kuhama unarudia amri ile ile ukiongeza `--delete`, na kwa kuwa rsync inabeba tofauti tu, mzunguko wa pili ni wa dakika.

Msimbo na tiketi

Msimbo ndio sehemu nyepesi. `git clone --mirror` inachukua matawi yote na lebo zote, kisha unasukuma hadi hazina mpya:

`git push mpya 'refs/heads/*:refs/heads/*' 'refs/tags/*:refs/tags/*'`

Watu wengi watakwambia utumie `git push --mirror`. Inafanya kazi, ila ukitoka GitHub inataka kubeba na marejeo ya siri ya maombi ya kuunganisha, na upande wa pili unaweza kuyakataa au kujaa takataka. Mafaili makubwa yanayotunzwa kwa LFS, nyongeza ya git, hayasafiri na git ya kawaida. Yana amri zake, `git lfs fetch --all` na `git lfs push --all`. Ukimaliza, endesha `git for-each-ref` pande zote mbili na ulinganishe kwa `diff`. Saruji 40 kule, 40 huku.

Tiketi ni ngumu zaidi, kwa sababu zina watu ndani yake. La kulinda kuliko yote ni namba. Ndani ya historia ya msimbo mna mamia ya maneno kama "inarekebisha #142", na kama tiketi ya 142 ikawa ya 97 kwenye nyumba mpya, historia nzima itakuwa inasema uongo. Kwa hiyo ingiza tiketi za zamani kwenye hazina iliyo tupu kabisa, kabla mtu yeyote hajafungua tiketi hata moja ya majaribio. Majina ya waandishi nayo yaangalie: mara nyingi maoni yote huja yakiwa na jina la aliyeendesha zoezi, huku jina la mwenyewe likitajwa pembeni. Waombe wachangiaji wafungue akaunti mpya mapema wajiunganishe, la sivyo utaonekana wewe peke yako ndiye uliyegombana na nafsi yako kwa miaka sita.

Hifadhidata, na nakala usiyoijaribu

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, `pg_dump -Fc` upande wa zamani na `pg_restore` upande mpya. Tumia `pg_dump` ya toleo jipya zaidi kati ya mawili. Usishawishike kunakili folda ya data moja kwa moja kwa sababu ni haraka: mpangilio wa herufi ndani ya Linux ulibadilika kwenye toleo la 2.28 la glibc, maktaba yake ya msingi, na faharasa zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zaweza kuharibika kimya kimya. Ukitoa na kurudisha, faharasa hujengwa upya.

Na uirudishe kweli. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, usiku akiwa amechoka, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta kwamba njia tano walizokuwa wakizitegemea hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa sita kabla, na kazi ya saa hizo ikapotea. Hao ni watu ambao kutunza msimbo ndiyo biashara yao. Sisi tulirudisha nakala mara tatu kabla ya usiku wenyewe, na mara ya kwanza ilishindwa kwa sababu mtumiaji wa hifadhidata hakuwepo upande mpya.

Siri hazihamishwi

Nywila za mitambo ya ujenzi, tokeni za kuchapisha vifurushi, funguo za SSH za kazi za ratiba: usinakili hata moja. Tengeneza mpya kule unakokwenda, na zile za zamani ziue baada ya kuhama. Seva ya zamani imeshikwa na mikono mingi kwa miaka, na hujui nani aliacha nini wapi. Mitambo ya ujenzi yenyewe utaiandika upya karibu yote, kwa kuwa kila huduma ina lahaja yake. Usiigeuze sanaa. Hakikisha inajenga, inapima, na inatoa faili lenye `sha256sum` (alama ya vidole ya faili) unayoweza kuilinganisha.

DNS na cheti

Kila rekodi ya DNS ina muda wake wa kukumbukwa, TTL. Kama wako ni 86400, yaani siku nzima, basi ukibadilisha anwani saa hii kuna watu watakaoendelea kupelekwa nyumba ya zamani mpaka kesho. Siku mbili kabla ya kuhama ishushe iwe 300, ambayo ni dakika 5. Ukishatulia mahali papya, ipandishe tena.

Kabla ya kubadilisha chochote, ijaribu seva mpya kwa jina lake halisi. `curl --resolve` inakuruhusu kuiambia kompyuta yako pekee kwamba jina hili sasa liko kwenye anwani ile, au uandike mstari kwenye `/etc/hosts`. Ukifanya hivyo unaiona tovuti yote kama watakavyoiona watu, na hakuna mwingine anayejua.

Cheti cha TLS, kinachothibitisha tovuti kwa kivinjari, kina fumbo lake dogo. Let's Encrypt hutoa cheti bure kwa siku 90, lakini kwa njia ya kawaida hukagua kwa kuitembelea seva yako kupitia domeni, na domeni bado inaelekea kwa zamani. Ama tumia ukaguzi wa kupitia DNS, ama beba cheti cha zamani pamoja na ufunguo wake kwa siku chache, halafu uchukue kipya. Ndiyo siri pekee niliyokuruhusu kuibeba.

Na rekodi ni mbili: A kwa anwani za IPv4, AAAA kwa zile mpya zaidi za IPv6. Sisi tulibadilisha A, tukapongezana, tukala mahamri. Asubuhi tukaona nusu ya watu bado wanaingia kwenye seva ya zamani. AAAA ilikuwa haijaguswa. Ziulize zote mbili kwa `dig` kabla hujala chochote.

Anwani za zamani zisizokuwepo tena zielekeze kwenye mpya. Wiki ya kwanza tumia mwelekezo wa 302, wa muda. Ule wa kudumu, 301, vivinjari huukariri, na kama ulikosea watu watapelekwa pabaya hata baada ya wewe kusahihisha.

Barua pepe nitaipita mbio: usiiendeshe mwenyewe. Kampuni nyingi za seva hufunga mlango wa 25, unaopitisha barua pepe, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti ya SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha mtumaji. Lipia huduma, sasisha rekodi, jitumie barua ya majaribio uone kama imeangukia kwenye taka.

Usiku wenyewe

Chagua saa kwa kuangalia logi. Sisi tuligundua kitu ambacho tungepaswa kukijua bila kompyuta: watu wetu hawana saa maalumu ya utulivu. Wanaingia saa mbili tatu kabla ya maji kujaa, na maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Tukachagua usiku wa maji mafu, yanayojaa kidogo, wakati wenye vyombo vizito hawana haja na Mkanda.

Tangazo litoke wiki mbili kabla, siku mbili kabla, na saa moja kabla. Na liandike kwa saa 24 pamoja na UTC, saa ya kimataifa. Katika zoezi letu la kwanza niliandika "saa nne usiku", nikimaanisha 22:00. Mwenzetu aliye Ujerumani alilitafsiri kwa mashine, akaamka saa kumi alfajiri ya hapa, 04:00, akiuliza mbona watu hawapo. Ndiye aliyekuwa na nywila ya DNS.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi. 22:00, seva ya zamani inafungwa kuandikwa, inabaki ya kusomwa tu, na juu ya kila ukurasa kuna taarifa fupi. Kisha nakala ya mwisho ya hifadhidata, mzunguko wa mwisho wa rsync, na kurudisha upande mpya. Baada ya hapo ukaguzi, na ndipo DNS. Tuliwekeana kwamba kufikia 00:30 kama jambo moja kubwa halijakaa sawa, tunarudi kwa zamani bila ubishi. Kurudi kunawezekana tu kabla hujaruhusu watu kuandika kwenye seva mpya. Ukisharuhusu, tiketi mpya na akaunti mpya ziko kule, na ukirudi unazitupa. Kwa hiyo usiharakishe kufungua kuandika hata kama kila kitu kinang'aa.

Ukaguzi uwe ni wa mtumiaji. Ingia kama mtu wa kawaida, si kama msimamizi. Hesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili. Pakua toleo la mwisho ulinganishe `sha256sum`. Sukuma badiliko dogo uone mitambo ikiamka. Halafu piga kile ambacho mradi wako upo kwa ajili yake. Sisi tuliiomba seva ya zamani na mpya maji ya kesho ya Lamu. Zilipishana saa tatu kamili. Ya zamani ilikuwa imewekwa saa za Nairobi tangu siku ya kwanza, mpya ilikuja na UTC, na mahali pamoja kwenye msimbo palikuwa pakichukua saa ya mashine bila kuuliza. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Ukikosea kwa tatu unampeleka nahodha Mkanda maji yakiwa nusu yanakimbia, akae kwenye matope ya mikoko na abiria wake mpaka yarudi. Tuliweka saa za eneo kwenye mipangilio ya huduma, tukarekebisha msimbo usiitegemee mashine, tukaongeza jaribio. Ilikuwa 00:10. DNS tukaibadilisha 00:20.

Wiki zilizofuata

Usizime seva ya zamani. Iache siku 30, ikiwa imefungwa kuandikwa, na kila asubuhi soma logi yake. Trafiki itapungua siku hadi siku mpaka wabaki wachache, na hao wachache ndio wenye habari. Kwetu alibaki mmoja, aliyeiita seva kwa namba ya IP badala ya jina, kila alfajiri saa kumi na moja. Namba yake mwenyewe ilituonyesha ni mtandao wa hapa hapa. Tukauliza uliza mpaka tukafika kwenye duka moja karibu na gati la Mkunguni, ambako kijana mmoja aliwahi kumwekea mwenye duka kompyuta inayochapisha karatasi ya maji ya siku ile, naye mwenye duka huibandika mlangoni. Kijana mwenyewe yuko Mombasa siku hizi. Tulibadilisha mstari mmoja, tukachapisha karatasi, tukailinganisha na ya jana.

Ndipo tukarudi kumalizia: kuua tokeni na funguo zote za zamani, kupandisha TTL, kugeuza 302 kuwa 301, kufuta hifadhidata na nakala zake zote kwenye seva ya zamani kwa mikono yetu bila kuisubiri kampuni, kisha kufunga akaunti na kuondoa kadi. Safu ya mwisho ya lahajedwali ilikuwa na alama kila mahali isipokuwa mstari wa cron ya tarehe 28. Tuliuacha wazi mpaka tarehe mosi, tukafungua ukurasa, tukaona mwezi mzima umejaa.